Mwalimu wa kwaya si "profesor": jinsi ya kupata neno sahihi la Kihispania kwa kazi ya mwanamuziki

Niliwahi kuandaa ratiba ya tamasha la kwaya kwa lugha mbili, Kiswahili na Kihispania, kwa ajili ya wageni waliotoka Hispania kuitembelea parokia. Kwenye mstari wa "Mwalimu wa kwaya" nikaandika "Profesor de coro". Tamasha lilipokwisha, mama mmoja kati ya wageni alimfuata mwalimu wetu, akamshika mkono kwa furaha na kumwuliza anafundisha shule gani. Mwalimu wetu ni fundi umeme. Kwaya anaifundisha jioni, siku tatu kwa wiki, kwa miaka mingi sasa, na hajawahi kushika chaki. Alinitazama kunitaka msaada, nami nikaanza kueleza kosa ambalo lilikuwa langu.

Nilipaswa kuandika "director del coro". Tangu siku hiyo naona ni jambo la heshima kumwita mwanamuziki kwa jina la kazi yake, na ninapotafuta jina hilo kwa Kihispania nafuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: sema anafanya nini, kwa kitenzi

Usianze na jina la cheo. Chukua karatasi uandike kwa Kiswahili cha kawaida mtu huyu anafanya nini na mikono yake au sauti yake. Mwalimu wa kwaya anachagua nyimbo, anafundisha sauti nne, anasimama mbele na kuongoza kwa mikono. Kwa Kihispania anayefanya hayo "dirige el coro", na anayefanya kazi ya "dirigir" ni "director", au "directora" akiwa mwanamke. "Profesor" ni wa darasani. Kama mtu huyohuyo anafundisha somo la uimbaji chuoni, basi kwa kazi ile ya chuoni ni "profesor de canto", na jioni kanisani anarudi kuwa "director".

Hapa wanaojua Kiingereza wajihadhari. Kuna neno la Kihispania linaloandikwa "conductor", na mkono unataka kuliandika kwa kiongozi wa okestra. Kwa Mhispania, "conductor" ni dereva. Sisi wenyewe tuna kondakta wa daladala, kwa hiyo tunajua jinsi neno moja linavyoweza kushuka kituo tofauti katika kila lugha. Neno lingine la namna hiyo ni "intérprete". Katika muziki ni yule anayeupiga au kuuimba wimbo, na nje ya muziki ni mkalimani.

Kitenzi pia kinazitenganisha kazi ambazo Kiswahili kimezifunika kwa neno moja. Tunasema "mtunzi" tu. Kihispania kitakuuliza: ametunga maneno au ametunga muziki? Wa maneno ni "letrista" au "autor de la letra", wa muziki ni "compositor", na aliyepanga sauti na ala juu ya wimbo uliokwisha kutungwa ni "arreglista". Anayetunga nyimbo zake na kuziimba mwenyewe ni "cantautor", kama Silvio Rodríguez wa Kuba. "Prodyuza" naye anahitaji uangalifu. "Productor" peke yake anaweza kueleweka kuwa ndiye mwenye fedha za mradi. Yule anayekaa studio na kuujenga wimbo mwandike "productor musical".

Hatua ya pili: uliza ni muziki gani, na wa nchi gani

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, na ndiyo yenye utajiri wote. Kihispania kinazungumzwa katika nchi zaidi ya ishirini, na kila muziki una majina yake ya wenye kazi. Hata "mwimbaji" hana jibu moja.

Neno la kawaida ni "cantante". Linafaa kwa opera, pop na redio, na halibadiliki kwa mwanamume au mwanamke. Lakini katika flamenko, muziki wa Andalusia kusini mwa Hispania, anayeimba ni "cantaor" au "cantaora". Ni neno "cantador" lililodondosha d kama watu wa kule wanavyotamka, nao wameliacha hivyo hata katika maandishi kwa sababu ndivyo muziki wao unavyojiita. Camarón de la Isla alikuwa cantaor. Ukimwita cantante utaeleweka, ila mpenzi wa flamenko atajua kwamba hukukaa naye. Mchezaji wa flamenko ni "bailaor", mpiga gitaa ni "tocaor" au "guitarrista" tu, na anayepiga makofi kwa mpangilio ni "palmero". Kupiga makofi katika flamenko ni kazi ya fundi, yenye jina na malipo yake. Anayezijua ngoma zetu hatashangaa.

Ukivuka bahari hadi Buenos Aires, katika tango ya zamani mwimbaji wa kiume ni "cantor", na ndivyo Carlos Gardel alivyoitwa. Waimbaji wa kike wa enzi ile waliitwa "cancionista". Palikuwa pia na "estribillista", mwimbaji wa okestra aliyepewa kiitikio tu, huku ala zikibeba sehemu yote iliyobaki. Usimpe jina hilo mwitikiaji wa bendi yetu, maana estribillista alisimama peke yake na hakuwa nyuma ya mtu. Na ukienda kanisani, "cantor" yuleyule anakuwa kiongozi wa nyimbo katika ibada, na anayeimba zaburi ya wimbo wa katikati ni "salmista".

Kuba na Puerto Rico wana "sonero". Huyu anaongoza kwa sauti na kubuni maneno papo hapo, huku waitikiaji wakirudia mstari wao. Ismael Rivera wa Puerto Rico alipewa sifa ya "el Sonero Mayor". Aliyewahi kusikiliza dansi la zamani ataitambua kazi hiyo mara moja, na kuna sababu. Sahani za santuri za muziki wa Kuba zilienea Afrika kuanzia miaka ya 1930, zikasikilizwa Kongo na pwani yetu, na Morogoro ikapata bendi iliyojiita Cuban Marimba, ya Salum Abdallah. Hata hivyo, usimwandike mwimbaji wa dansi kuwa "sonero" ati kwa kuwa midundo ni jamaa. Sonero ni wa salsa na wa son, muziki wa asili wa Kuba. Wa kwetu ni "cantante", na kama yeye ndiye anayeongoza sauti, "voz principal".

Lakini neno moja lilifika na kukaa, nalo ni tumba. Mpiga tumba wetu anapiga ngoma ambayo Kuba inaitwa "tumbadora", na kule "tumba" ni jina la ile kubwa kati ya tatu, ndogo yake ikiwa "quinto". Kwa hiyo mpiga tumba ni "tumbador" ukiandikia Wakuba. Ukiandikia wapenzi wa salsa wa Puerto Rico, New York au kwingineko, neno linalojulikana zaidi ni "conguero".

Sasa angalia hatari ya neno lisilobadilika umbo ila likabadilika maana. "Timbalero" katika salsa ni mpiga timbales, zile ngoma mbili za bati zinazopigwa kwa fimbo nyembamba, na Tito Puente ndiye mfano wake mkubwa. Katika okestra ya simfoni nchini Hispania, "timbalero" anapiga ngoma kubwa za shaba zenye umbo la sufuria, zinazobadilishwa sauti kwa pedali. "Gaitero" wa Galicia au Asturias anapuliza zumari la mfuko wa ngozi. "Gaitero" wa pwani ya Karibi ya Kolombia anapuliza filimbi ndefu ya mti wa mdungusi yenye kichwa cha nta na mkaa. Wote wawili wameandikwa herufi zilezile, na picha ya mmoja haiwezi kuwekwa juu ya jina la mwingine.

Kolombia hiyohiyo ina vallenato, muziki wa kodiani, na mji wa Valledupar umekuwa ukifanya tamasha lake kubwa tangu 1968, mwaka ambao Alejo Durán alitawazwa mfalme wa kwanza. Mpiga kodiani kokote kwingine ni "acordeonista", ila huko ni "acordeonero", na wenyewe wanalishikilia neno hilo. Anayekwangua guacharaca, kijiti chenye mikato, ni "guacharaquero". Anayepiga ngoma ndogo iitwayo caja ni "cajero", na hapa ndipo programu za kutafsiri huanguka, kwa sababu "cajero" katika maisha ya kila siku ni mshika fedha wa dukani au mashine ya kutolea pesa. Niliwahi kuona tafsiri ya Kiswahili iliyomweka karani wa benki katikati ya bendi.

Tofauti nyingine ni ndogo ila zinaonekana haraka. Mpiga kinanda cha umeme ni "teclista" Hispania na "tecladista" Amerika ya Kilatini. Mpiga dramu ni "batería" Hispania, neno lilelile la ala yenyewe, na "baterista" kwingineko. Fundi mitambo wa sauti ni "técnico de sonido" Hispania, na Ajentina utasikia "sonidista". Mwanakwaya wa kawaida ni "coreuta" Ajentina. Kwingine andika "integrante del coro" upumzike, kwa sababu "corista" lina mawili: mwimbaji wa kundi la opera au wa sauti za nyuma, na pia msichana anayecheza na kuimba katika maonyesho ya usiku. Kwaya ya kina mama wa parokia haistahili mkanganyiko huo.

Hatua ya tatu: tazama ngazi ndani ya kundi

Katika okestra za Hispania, "solista" si lazima awe mgeni anayepiga peke yake mbele. Matangazo ya nafasi za kazi yana "solista de viola" au "solista de trompa", yaani kiongozi wa kundi la ala hiyo, na chini yake "ayuda de solista", kisha "tutti", yaani wapigaji wengine wote. Kiongozi wa fidla za kwanza, anayempa mkono kiongozi wa okestra kabla ya kuanza, ni "concertino". Ukitafsiri wasifu wa mtu uliosema "solista" bila kulijua hili, utampandisha au utamshusha.

Kwaya nayo ina ngazi. Kundi la sauti moja huitwa "cuerda", kwa hiyo kiongozi wa sauti ya kwanza ni "jefa de cuerda de sopranos". Sauti zenyewe ni soprano, contralto, tenor na bajo. Mwimbaji wa besi ni "bajo" na mpiga gitaa la besi ni "bajista". Kiswahili kinawatenganisha kwa kitenzi, kuimba na kupiga, ila Kihispania kinawatenganisha kwa mkia wa neno.

Katika bendi za dansi, mpiga solo si "solista" hata kidogo. Ni "guitarra solista", au "primera guitarra" kwa nchi nyingi za Amerika ya Kilatini. Mpiga ridhim ni "guitarra rítmica".

Hatua ya nne: ujue ni mwanamume au mwanamke

Kiswahili hakikuulizi. "Mpiga fidla" anaweza kuwa baba au binti. Kihispania kitakulazimisha, kwa hiyo uliza kabla hujaandika, hasa kama una majina tu kwenye orodha.

Mikia iko ya aina tatu, na ukiijua utakisia maneno mengi bila kamusi. Maneno ya -ista hayabadiliki, linabadilika neno dogo la mbele tu: "el pianista", "la pianista". Ya -ero hugeuka -era: "timbalero", "timbalera". Ya -or hupokea a: "compositora", "directora", "cantaora". Mkia wa -ista unapatikana zaidi kwenye ala za okestra na za studio, na -ero kwenye muziki wa kijijini na wa mitaani. Si sheria, kwa sababu anayepiga tres, gitaa la Kuba, ni "tresero" au "tresista", yote yanasikika. Lakini ukisitasita mbele ya ala ya asili, jaribu -ero kwanza, kisha uhakikishe.

Jihadhari na jinsia inayobadilisha maana nzima. "La trompeta" ni tarumbeta, na "el trompeta" ni mwanamume anayeipuliza. Mwanamke akiipuliza, "la trompeta" inakuwa mtu na chombo kwa pamoja, kwa hiyo "la trompetista" ni salama zaidi. Mwanamuziki wa kike kwa kamusi ni "música", neno lilelile la muziki wenyewe. Ni sahihi, ila lipange kwenye sentensi isiyoacha shaka: "es música y compositora".

Hatua ya tano: lipime neno kabla ya kulichapisha

Kamusi ya Chuo cha Kihispania cha Madrid, DLE, iko wazi kwenye intaneti bila malipo. Anzia hapo, usiishie hapo, kwa sababu itakuambia neno lipo, lakini haitakuambia kila mara kwamba watu wa Lima wanalitumia. Kwa maneno ya Amerika kuna "Diccionario de americanismos" cha mwaka 2010, nacho pia kiko mtandaoni, na kinaonyesha nchi kwa vifupisho. Ukitaka kusikia watu wenyewe, ingia CORPES XXI, hazina ya maandishi ya Kihispania ya kuanzia 2001, uandike neno lako na kuchagua nchi. Mifano kumi ya magazeti ya Kolombia yenye "acordeonero" itakutuliza kuliko maelezo yoyote.

Usipokuwa na muda, tumia njia ya fundi wa mtaani. Andika neno ndani ya alama za kunukuu kwenye mtambo wa kutafutia, uongeze site:.es kwa Hispania, site:.mx kwa Meksiko, site:.ar kwa Ajentina. Kisha fungua picha. Ukiandika "gaitero" na "Colombia" ukaona mfuko wa ngozi, endelea kutafuta. Picha ya mtu akiwa na chombo mkononi haidanganyi kirahisi.

Kuna chanzo kingine ninachokipenda kuliko vyote, nacho ni nyuma ya jalada la albamu na kurasa za mwisho za ratiba za matamasha. Pale wanamuziki wameandikwa na wenzao. Tafuta neno "créditos" au "ficha artística", usome bendi ya aina ileile unayoiandikia.

Mwisho mpe mzungumzaji asome, na swali lako lisiwe "je, ni sahihi?" kwa kuwa watu wengi watajibu ndiyo kwa adabu. Uliza hivi: "Ukisoma neno hili, unamwona mtu wa namna gani?" Kama yule mama angeulizwa mapema, angesema anamwona mtu darasani, na mwalimu wetu asingeulizwa habari za shule.

Hatua ya sita: neno lisipokuwepo, taja ala

Wahispania wenyewe hutumia njia hii kila siku kwenye majalada. Hawaandiki mpigaji, wanaandika kinachopigwa: "Voz", "Coros", "Bajo", "Batería", "Teclados", na mbele jina la mtu. "Coros" hapo maana yake ni sauti za kuitikia. Njia hii inaondoa tatizo la jinsia na la nchi kwa pamoja, na kwa ratiba ya ukurasa mmoja ndiyo bora.

Kwa ala zetu ni mkombozi. Mpiga udi anakushawishi uandike "laudista", na kweli laúd na udi ni neno moja la Kiarabu lililosafiri njia mbili. Lakini Mhispania akisoma "laudista" anaona ala ya nyuzi ya Ulaya ya zamani, na Mkuba anaona laúd ya nyimbo za shambani, ile anayoipiga Barbarito Torres. Andika "laúd árabe (ud)" kisha jina. Kwa ala ya taarab iitwayo kanuni, andika "qanún". Ukihitaji sentensi kamili, tumia kitenzi: "toca el ud en una orquesta de taarab de Zanzíbar". Kitenzi "toca" hakijawahi kuniangusha. Kayamba na zeze ziache kama zilivyo, ukiongeza maelezo mafupi mara ya kwanza: "kayamba, sonajero plano de cañas", njuga bapa ya matete.

Malenga na manju ni wagumu zaidi. Kuba wana "repentista", Ajentina na Uruguay wana "payador", wote wakijibizana kwa mashairi ya papo hapo, na moyo unatamani kuwashika mkono na malenga wetu. Usifanye hivyo bila maelezo. Payador ana gitaa na utaratibu wake wa mizani, manju ana ngoma na kundi zima la kuliongoza. Andika "manju", kisha "poeta y guía del canto en la ngoma".

Ile ratiba ya parokia niliiandika upya kwa ajili ya ziara iliyofuata. Ilikuwa hivi:

Dirección: mwalimu wetu, kwa jina lake kamili
Órgano: mpiga kinanda
Salmista: binti wa sauti ya kwanza
Jefes de cuerda: watu wanne, kila mmoja na sauti yake
Percusión: ngoma y kayamba
Letra y música: mtunzi wa wimbo wa shukrani

Mwalimu aliishika karatasi, akaweka kidole kwenye neno la kwanza na kuniuliza linatamkwaje. Tulilirudia mara tatu, kisha akaenda kuwapa waimbaji sauti.